Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwenzangu

Katika mji wa Mombasa mtu aweza kuwa na nyumba halali, aliyoijenga kwa fedha zake, akazeeka ndani yake, akafa akaiacha mirathi, na kadhi akaigawa baina ya warithi kwa mafungu yanayojulikana, ilhali mchanga uliobeba nguzo za nyumba hiyo ni milki ya mtu mwengine ambaye pengine hajapata kukivuka kizingiti chake. Wageni wa bara waliohamia kwetu kwa ajili ya kazi, waliposikia habari hii mara ya kwanza, walidhani wanafanyiwa mzaha, kwa kuwa huko kwao nyumba huifuata ardhi kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Walakini ndivyo yalivyojengeka Majengo, na ndivyo zilivyojengeka sehemu kubwa za Kisauni na Likoni; na asiyelifahamu jambo hili hawezi kuufahamu mjadala wowote wa siasa za mji wetu, uwe ni juu ya kodi za vyumba, au juu ya taka, au juu ya maji ya mvua, au juu ya nani apewe udiwani.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko wazee niliowakuta. Mwaka 1908, katika ule ukanda wa maili kumi ambamo Sultani wa Unguja alikuwa na bendera na Mwingereza alikuwa na amri, ilitungwa sheria ya hati za ardhi, ikawataka wote wenye kudai milki waje na ushahidi wao waandikiwe. Waliokuwa na elimu ya karatasi, au na wakili, au na jamaa aliyeujua mlango wa kuingilia, waliandikisha. Na ardhi ambayo hakutokea mtu wa kuidai ikawa ya serikali. Kisha bandari ya Kilindini ikakua, reli ikaleta watu, na watu wakataka pa kulala. Wenye hati wakaona kuwa wanaweza kupata faida ya ardhi pasi na kuiuza: wakaikata kwa macho na kamba, si kwa ramani, wakamwambia kila ajaye, wewe jenga, mimi nitapokea ijara ya kiwanja kila mwezi, na siku nitakapoihitaji ardhi yangu utabomoa uondoke na boriti zako. Nyengine katika ardhi hizo zilikuwa wakfu, na ijara yake ilikusudiwa misikiti na mayatima. Simdhanii mabaya kila aliyepokea ijara ile. Nimewajua wenye ardhi waliokuwa mafukara wenye hati, kiwanja kimoja kimegawika kwa warithi hata fungu la mtu halitoshi kununua kilo ya nyama.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya namna hiyo Majengo. Ilikuwa ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi mrefu katikati, uwani nyuma penye jiko na choo cha shimo, na mbele kibaraza ambacho ndicho kilichokuwa skuli yangu ya pili. Nguzo zake zilikuwa za mkoko, kiwambaza chake fito na udongo uliopigwa chokaa, na paa lake lilianza kwa makuti likaishia kwa mabati, kwa kadiri biashara yake ya vitumbua ilivyoruhusu. Sisi tulikaa vyumba viwili, vinne alivipangisha. Wapangaji walibadilika, ila namna zao hazikubadilika: hamali wa bandarini, fundi cherehani, mtu na mkewe kutoka Taita, kijana wa reli asiyelala nyumbani ila mara chache. Mwezi ambao meli zilikuwa haba bibi alingoja, kwa kuwa alikuwa akikisikia kikohozi cha hamali usiku kucha, na si rahisi kumdai asubuhi mtu uliyemsikia akikohoa. Mkusanya ijara hakuwa na sababu ya kungoja. Alikuja mwisho wa mwezi na daftari lake jembamba, akapewa kahawa, akapewa fedha, akaondoka kwa adabu.

Bibi alitamani sana kuondoa udongo na kujenga kwa mawe. Alipolitaja jambo hilo, mkusanya ijara aliweka kikombe chini akasema, "Bi Mkubwa, mawe hayabebeki." Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja. Nyumba ya udongo ilikuwa dalili kwamba aliyejenga ni mpitaji; nyumba ya mawe ingekuwa dai. Kwa hiyo watu waliokaa mahali pamoja vizazi vitatu waliamrishwa wajenge mithili ya watakaoondoka kesho, kisha wapita njia na waandishi wa ripoti wakasema kwamba watu wa Majengo hawapendi nyumba za kudumu.

Kibarazani, baina ya magharibi na isha, ndipo nilipousikia mjadala wa mji kwa mara ya kwanza. Ami yangu alikuwa kuli mstaafu, na hoja zake zote zilianzia bandarini. Alikuwa akiukumbuka mgomo wa mwaka 1939, ambao wafanyakazi walioufanya walidai, pamoja na mengine, fedha ya kulipia nyumba. Na baada yake serikali iliunda tume ya kuchunguza, iliyoongozwa na bwana Willan. Zaidi aliukumbuka mgomo mkuu wa Januari 1947, watu wapatao 15,000 walipoziacha kazi zao, wakawa wakikutana kila siku hapo Majengo katika kiwanja cha mpira walichokiita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa msemaji wao hata serikali ilipomhamisha mwaka huo huo akapelekwa mbali na pwani. Mgomo ulileta nyongeza ya mshahara na ya posho ya nyumba. Ami hakuikana nyongeza hiyo. Alilokuwa akilisema, na alilisema mara nyingi hata watoto tukalihifadhi, ni kwamba posho ya nyumba haikukaa katika mfuko wa kuli hata mwezi, kwa kuwa kodi ya chumba iliinusa.

Maalim wetu wa chuoni, mtu mtulivu aliyependa kumsubiri mwenzake amalize, alimwuliza siku moja, "Na nani aliyeipandisha kodi hiyo, ndugu yangu? Si huyu Bi Mkubwa aliye ndani anayetukaangia vitumbua?" Watu wakacheka, walakini swali halikuwa la mzaha. Bibi alipandisha kodi ya chumba kwa kuwa ijara ya kiwanja ilipanda; ijara ilipanda kwa kuwa mwenye ardhi alisema kodi anayotozwa na mji imepanda; na kodi ya mji ilipanda kwa kuwa mji unakua na unahitaji barabara, maji na taa. Ukiufuata mnyororo huo wote huoni mahali pa kumkamata mwizi. Kila mmoja alikuwa na hujja yake na kila hujja ilikuwa na chembe ya insafu ndani yake, ila mzigo wote ulimshukia yule asiye na mtu wa chini yake wa kumsukumia. Nimesikia tangu siku hizo mijadala mingi ya bei ya makazi, katika kumbi zenye viti vya kitambaa na vipaza sauti, na aghalabu hutafutwa ndani yake mtu mmoja mwenye tamaa ili alaumiwe. Nami hukumbuka kwamba kibarazani petu tamaa haikuhitajika hata kidogo ili kodi ipande.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa mtaro. Masika moja, nilipokuwa nimetoka skuli karibuni, maji ya mvua yalituama katika kichochoro chetu, yakaingia mashimo ya vyoo, yakatoka na yaliyokuwa ndani. Homa za matumbo zikawashika watoto. Wazee wakakutana, na kwa kuwa nilijua kuandika barua rasmi, nikafanywa karani wao, nikapelekwa huku na huku. Wakala wa mwenye ardhi alinipokea vizuri akaniambia kwamba bwana wake amekodisha mchanga tu, na maji si mchanga. Wenye nyumba, bibi yangu akiwemo, walisema kwamba milki yao ni nguzo na mabati, na hapana nguzo iliyoleta mvua. Wapangaji walisema wao hulipia chumba, na kichochoro si chumba. Basi nikaelekezwa kwenye ofisi iliyohusika na mitaro, nikamkuta afisa mmoja mpole, akafungua ramani kubwa juu ya meza, akaitafuta sehemu yetu kwa kidole, akanionyesha.

"Bwana mdogo," akasema, "hapa mnapopaita mtaa, kwetu ni kiwanja kimoja, chenye nambari moja na mwenyewe mmoja. Vichochoro vyenu havimo. Sisi hatuwezi kuchimba mtaro ndani ya kiwanja cha mtu."

Sikuwa na la kumjibu, maana aliyonena yalikuwa kweli kwa mujibu wa karatasi aliyokuwa nayo. Mamia ya watu waliozaana, waliooana, waliosali na kuzikana katika sehemu ile, katika ramani walikuwa ni weupe uliozungukwa na mstari.

Nikarudi na jawabu hilo, na wazee wakaamua kuchanga. Kila nyumba ilitoa fungu lake, wapangaji wakatoa nguvu zao, wanawake wakapika, na ami yangu, ambaye hakuwa na mapenzi na majembe tangu ujana wake, akasimamia. Kwa siku chache mtaro ulichimbika kutoka kichwani mwa kichochoro hata mwisho wake, na mvua iliyofuata maji yakaenda mbio, tukayatazama kwa furaha kubwa. Yalikwenda mtaa wa chini yetu. Baada ya juma moja wazee wa mtaa huo walitujia, wamevaa kanzu za heshima, wakakaribishwa kibarazani na kupewa kahawa, na mkubwa wao akasema kwa utaratibu kwamba maji yetu wameyapokea, ila hawakuyaagiza.

Tangu siku hiyo, kila nimsikiapo kiongozi akisimama mbele ya watu na kuwasifu kwa moyo wao wa kujitegemea na kuchangiana, hujiuliza maji yao yameelekezwa kwa nani. Sikusudii kuudharau msaada wa jirani. Pasipo huo wengi wetu tusingalikuwapo. Lakini zipo kazi ambazo jirani hawezi kuzifanya kwa namna yoyote ila kwa kumdhuru jirani wa pili, kwa sababu kazi yenyewe haikomi penye mpaka wake, na mtaro ni moja ya kazi hizo, na jaa la taka, na bomba la maji. Hizo zina haja ya mtu ambaye macho yake yanauona mji mzima tangu kilimani hata baharini, naye analipwa kwa ajili hiyo. Huyo ndiye tumwitaye serikali ya mji, na hana udhuru mwengine wa kuwapo.

Basi kwa nini mji haukuona? Nililifikiri sana swali hili, na miaka ilinipa fursa ya kufanya kazi ya ukarani mahali ambapo niliweza kuyaona madaftari. Kodi ya mji katika nchi yetu, kwa desturi iliyorithiwa tangu ukoloni, aghalabu hukadiriwa juu ya thamani ya ardhi tupu, wala si juu ya jengo lililosimama juu yake. Kwa hiyo jina lililoandikwa katika daftari la kodi lilikuwa la mwenye hati, ambaye mara nyingi alikaa kwengineko, katika mtaa wenye taa. Bibi yangu hakuwamo. Hamali aliyelala chumba cha tatu upande wa kushoto hakuwamo, ijapokuwa shilingi zake ndizo zilizopanda kwa bibi, zikapanda kwa mkusanya ijara, zikapanda kwa mwenye ardhi, na sehemu yake ikaingia hazina ya mji. Alikuwa mlipa kodi pasi na yeye kujua wala mji kumjua. Maalim alizoea kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliona kwamba na raia bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Ulipokuja uhuru mambo yalizidi kuwa ya ajabu, maana sasa sote tulikuwa na kura. Nakumbuka fahari iliyotujaa katika miaka ya sitini, tulipoambiwa kwamba Msanifu Kombo, Mwafrika, amevikwa mkufu wa umeya wa Mombasa. Wazee walioingia jengo la manispaa kwa mlango wa nyuma walikwenda kulitazama kwa mbele. Walakini hesabu ya chini haikubadilika. Wenye kura hawakuwamo katika daftari la kodi, na waliokuwamo katika daftari hawakukaa mtaani. Diwani wetu alichaguliwa na wapangaji na wenye nyumba, kisha akaingia katika baraza ambalo fedha zake zilitoka kwa watu wengine, wenye wakala na wenye wakili, wanaojua siku ya mkutano wa kamati. Alitupenda, sina shaka. Alihudhuria mazishi yetu yote. Ila kila tulipomdai mtaro alituletea kitu kisichohitaji kuingia katika kiwanja cha mtu: jezi za timu ya mpira, mikeka ya msikiti, barua ya kumwombea kijana kazi. Watu wakamwita mwongo. Mimi nilimwona kuwa ni mtu aliyepewa dhamana ya mahali ambapo kisheria hapakuwapo.

Nyumba za baraza lenyewe, zile za Tudor, Buxton, Mzizima, Changamwe na kwengineko, zilikuwa ni dalili kwamba mji ukitaka huweza. Zilikuwa imara na kodi yake ilikuwa nafuu. Kupata ufunguo wa moja ya nyumba hizo kulihitaji subira au jamaa, na jamaa alikuwa mwepesi kuliko subira. Na kwa kuwa kodi haikuguswa kwa miaka mingi, matengenezo nayo hayakuguswa. Mwaka 2021 zile za Buxton zilibomolewa ili yajengwe majumba marefu ya kuuzwa. Nimewasikia vijana wakiligombania jambo hili kwa ukali, wengine wakisema mji hauwezi kubaki na magofu, wengine wakisema aliyekuwa akipanga kwa nafuu hageuki mnunuzi kwa kuonyeshwa picha ya ghorofa. Mimi ni wa upande wa hao wa pili. Nyumba ya kununua, hata ikiitwa ya bei nafuu, si jawabu la mtu ambaye swali lake ni kodi ya mwezi huu. Na sheria tuliyo nayo ya kuzuia kodi zisipande ovyo, ambayo baraza lake husikiliza mashauri ya nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, imeachwa nyuma na bei kiasi kwamba chumba kimoja chenye umeme chaweza kuwa ghali mno kisistahili kulindwa.

Majengo ya leo si yale niliyoyaacha. Mkusanya ijara wa sasa hutumiwa fedha kwa simu, na mawe, ambayo zamani hayakubebeka, yamepandishwa ghorofa tatu na nne juu ya mchanga ule ule wa kukodi, kwa makubaliano ya mdomo baina ya watu ambao babu zao walikubaliana kwa mdomo. Wapangaji wameongezeka, vichochoro vimebaki na upana wake. Katiba ya mwaka 2010 imesema katika Ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya makazi ya kufaa, na katika Jedwali la Nne imezitaja kazi za kaunti pasipo mafumbo: upimaji wa ardhi na ramani, nyumba, uondoaji wa taka, na mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Nilipoisoma sehemu hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu, nikamkumbuka ami yangu na jembe lake. Haikusema mvua inyeshayo katika kiwanja cha mtu fulani. Imesema sehemu zilizojengwa.

Karibuni nilihudhuria kikao kimoja cha kuwashirikisha wananchi katika bajeti. Kilikuwa na mambo ya vikao hivyo vyote: turubali, soda, wazee waliolalamika juu ya mambo ya mwaka juzi, vijana walioletwa kushangilia. Kisha akasimama binti mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, akaomba ruhusa kwa wazee, akawaamkia maafisa, akasema kwamba hana ombi bali ana maswali mawili. La kwanza, katika kitabu cha makadirio kilicho mezani, mtaro wa sehemu yao umo katika ukurasa gani, na kama haumo, ni kwa uamuzi wa nani. La pili, kaunti ina mpango gani wa kuziandikia nyumba zisizo na ardhi daftari lao wenyewe, kila nyumba na nambari yake, si ili zitozwe mara mbili, bali ili anayelipa ajulikane kuwa analipa, na anayedai awe na mahali pa kusimama anapodai. Alisema bila kupaza sauti. Wale wa kushangilia hawakujua kama wapige makofi.

Afisa aliyeketi mbele alimshukuru kwa taadhima, akasema hoja yake ni nzito na imepokelewa, akamwelekeza kwa karani wa kikao ili iandikwe katika kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu, nikasikia. Karani alifungua fomu yake akamwuliza jina, akamwuliza nambari ya simu, kisha akamwuliza nambari ya kiwanja na jina la mwenye ardhi. Binti akamtazama kidogo, akavuta kiti, akaketi mbele yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.